Haraka Haina Baraka au Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo? Historia ya Kununua Nyumba Bongo

Jumamosi jioni, simu inaita. Ni dalali, anaongea huku anahema kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa sita.

"Bosi, ile nyumba ya Kinyerezi, kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi. Mkisubiri mpaka Jumatatu, msije mkanilaumu."

Upande wa pili wapo wanandoa wa miaka thelathini na kitu. Mke anauza vitenge Kariakoo, mume ni fundi magari. Miaka saba wamepanga chumba na sebule, miaka saba wamedunduliza. Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu, ukuta na kisima. Bei ni shilingi milioni 65, na kwa mtaa ule hiyo ni bei ya kuokota. Mume anataka hela ilipwe usiku huohuo. Mke anasema hapana, kwanza hati ipekuliwe. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Mume ana methali yake: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mke naye ana ya kwake: haraka haraka haina baraka. Wahenga walizitoa zote mbili, wakaondoka bila kusema ipi itumike siku ya kununua nyumba.

Ila historia ya pwani hii imeacha majibu kadhaa. Ubishi wa wanandoa hawa una umri mkubwa kuliko Dar es Salaam yenyewe.

Kadhi, mashahidi na mipaka minne

Turudi Unguja ya karne ya 19. Mji Mkongwe unajaa majumba ya mawe, karafuu inalipa, na watu wenye hela wanatafuta pa kuishi. Mtu akitaka kununua nyumba, mauzo yanaandikwa kwa Kiarabu na mashahidi wanaweka ushuhuda wao. Hapakuwa na namba ya kiwanja wala kitalu. Nyumba ilitambulishwa kwa majirani zake wa pande nne: huku nyumba ya fulani, kule njia, huku ukuta wa fulani, kule kiwanja cha fulani.

Yaani majirani ndio waliokuwa ramani. Mnunuzi asiyeongea na majirani hakujua amenunua nini.

Na kulikuwa na mtego. Riba imekatazwa katika Uislamu, kwa hiyo watu waliohitaji mkopo walitumia njia iliyoitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba au nyumba "anamuuzia" mkopeshaji, lakini anabaki na haki ya kuikomboa akirudisha hela. Kwa macho mali bado ni yake na anaitumia kama kawaida. Kwa karatasi imeshakwenda kwa mtu mwingine. Mashamba mengi ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalifungwa na madeni ya namna hiyo.

Sasa fikiria mnunuzi wa haraka wa zama zile. Anamkuta mwenyeji amekaa barazani, kahawa mkononi, watoto wanacheza uani. Kila kitu kinasema huyu ndiye mwenye nyumba, kumbe karatasi inasema mengine. Hilo ni somo la kwanza, na halijazeeka: kumkuta mtu anaishi ndani ya nyumba si ushahidi kwamba anaweza kuiuza.

Mji ulioachwa njiani

Miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar aliamua kujenga mji mpya bara, karibu na kijiji cha Mzizima. Jumba lake likaanza kupanda na watu wakaanza kuvutwa kuhamia. Kwa lugha ya leo, ilikuwa fursa: wahi mapema, mji unakuja.

Mwaka 1870 Majid akafariki. Mrithi wake, Barghash, hakuwa na hamu na mradi wa mtangulizi wake. Majengo mengine yakabaki nusu na mji ukapoa. Waliowahi wakajikuta wamewekeza kwenye ndoto ya mtu ambaye hayupo tena.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1887 Wajerumani wakaweka kituo chao palepale, na mwaka 1891 makao makuu yao yakahama kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Waliovumilia miaka ile ishirini ya ukimya wakajikuta wamekaa katikati ya mji mkuu. Waliokuwa wamekata tamaa na kuondoka wakawa wamekosa. Kwa hiyo hata kwenye mji wa kwanza, aliyewahi hakuwa mjinga moja kwa moja, na aliyesubiri hakuwa na hekima moja kwa moja.

Kisha likaja jambo zito. Mwaka 1895 serikali ya Wajerumani ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Mzungu alionyesha karatasi yake. Mswahili au Mzaramo alionyesha mnazi alioupanda babu yake. Kuanzia hapo, asiye na maandishi akawa mtu wa kubahatisha kwenye ardhi aliyozaliwa. Karatasi ikaanza kumshinda mnazi.

Kariakoo: nyumba yako, kiwanja cha serikali

Miaka ya 1913 na 1914 Wajerumani walipima viwanja kwa ajili ya Waafrika, mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu. Vita vikaingia, Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, na eneo lile likawa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao, ndiyo ikazaliwa Kariakoo.

Pale ikasimama nyumba ambayo kila mtoto wa mjini anaijua: korido katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vingine anapangisha. Wengi waliozimiliki walikuwa watu wa kawaida, wakiwemo wanawake waliojenga kwa biashara ndogondogo.

Ila nyumba ilikuwa yake na kiwanja hakikuwa chake. Kila mwaka alilipa kodi ya kiwanja. Mwaka 1923 Waingereza wakatunga sheria ya ardhi iliyoiweka ardhi yote chini ya usimamizi wa Gavana, na mwananchi akapewa haki ya kukaa na kutumia. Mfumo huo haukufa na ukoloni. Hadi leo ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kumiliki kwa kipindi na masharti yaliyoandikwa kwenye hati.

Ndiyo maana swali "imebaki miaka mingapi?" si la kijinga. Wengi hawaliulizi, wanauliza kama kuna maji.

Mwaka 1971, sheria mbili

Tarehe 22 Aprili 1971 serikali ilitangaza kuyachukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakalia. Yalichukuliwa takriban majengo 3,000, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, pale Upanga, Kariakoo na katikati ya mji. Jengo lenye zaidi ya miaka kumi halikulipiwa fidia.

Mfikirie mtu aliyenunua ghorofa la kupangisha wiki mbili kabla. Hakukosea chochote. Hati safi, mwanasheria mzuri, mashahidi wapo. Hakuna tahadhari ambayo ingemwokoa. Hili nalo ni la kulikubali: kuna hatari ambayo upekuzi hauioni.

Mwaka huohuo wa 1971 ikatungwa Sheria ya Ndoa. Ndani yake kuna kifungu cha 59, ambacho kimevuruga mauzo mengi kuliko watu wanavyodhani. Kinasema nyumba ya wanandoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Baba anaweza kuwa na hati yenye jina lake peke yake, akakuuzia kwa tabasamu, halafu mama aliyekuwa safarini akarudi na kufungua kesi. Watu wengi wamelijua hilo mahakamani, hela ikiwa imeshaliwa.

Walioshinda kwa kuwahi

Isionekane kwamba historia yote iko upande wa mke. Mume naye ana mashahidi wake.

Miaka ya 1970, kwa msaada wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili watu wa kipato cha chini wajenge polepole. Enzi hizo kulionekana porini. Kuna waliochukua na kung'ang'ania. Kuna waliopewa wakauza harakaharaka kwa wenye uwezo, kwa hela iliyokwisha kabla ya mvua za masika. Na kuna waliosema "ngoja barabara ije kwanza". Leo hata mtoto wa sekondari anajua bei ya Sinza na Mikocheni haikamatiki.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam. Walioingia mapema walipata viwanja vilivyopimwa kwa bei ambayo leo wajomba huisimulia kwenye misiba kama hadithi za kale.

Na kuna jambo la kisheria lililobadilisha mchezo. Kwa miongo mingi msimamo wa serikali ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, na kinachouzwa ni jasho lililowekwa juu yake. Ndiyo maana karatasi za zamani zinaandika "nimeuza minazi kumi na kibanda". Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ikatamka wazi kwamba haki katika ardhi ina thamani. Soko lililokuwa likifanyika kwa minong'ono likatoka hadharani. Bei zikapanda, na madalali wakaongezeka kila kona yenye genge na kijiwe cha kahawa.

Alama nyekundu ya X

Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Uendelezaji ukasimamishwa. Waliokuwa wamenunua kwa pupa wakajikuta wana viwanja wasivyoweza kujenga, na mpango wenyewe ukaja kupunguzwa sana baada ya miaka kupita. Mtu alikuwa na tofali zimeota majani.

Halafu ukaja mwaka 2017. Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, ilihitaji kupanuliwa. Hifadhi ya barabara pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Nyumba kwa mamia zikapigwa X nyekundu, kisha tingatinga likaja. Wengi walikuwa na mkataba wa mauzo wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Wengi walikuwa na umeme, maji, na risiti za kodi ya jengo. Waliamini hivyo vinatosha.

Shangazi wa yule mke alikuwa mmoja wao. Aliinunua nyumba ndani ya siku mbili, kwa sababu aliambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani. Siku ya kuvunjiwa alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, upande wa pili wa barabara, na bakuli la sukari mapajani. Hakulia. Alisema tu, "Muhuri ulikuwa mkubwa, mwanangu. Nikadhani mkubwa ndio wenye nguvu."

Ndiyo maana yule mke hakutaka kulipa Jumamosi usiku. Mume alidhani anaogopa hela. Alikuwa anamkumbuka shangazi yake na bakuli la sukari.

Benki ilivyo na macho ya tatu

Kwa nini jambo hili ni gumu zaidi Bongo? Kwa sababu nyumba nyingi hununuliwa kwa hela taslimu. Mikopo ya nyumba imechelewa. Sheria ya kuiwezesha ilitungwa mwaka 2008 na kampuni ya kuzipa benki mtaji wa mikopo hiyo ikaanzishwa mwaka 2010, na bado wengi wanajenga kwa kudunduliza.

Sasa, mkopo una usumbufu, lakini una faida moja isiyosemwa. Benki haikupi hela yake kabla mwanasheria wake hajapekua hati na mthamini wake hajaenda kuikagua nyumba. Ucheleweshaji ule unaomkera kila mtu ndio ulinzi wenyewe. Mnunuzi wa taslimu hana mtu wa kumzuia. Ndiye mwenye kasi kubwa kuliko wote, na ndiye asiye na mlinzi.

Kwa hiyo inabidi ajiwekee benki yake mwenyewe kichwani. Akapekue hati kwenye ofisi ya Msajili wa Hati, aone jina la mmiliki, kama kuna rehani, kama kuna zuio. Akaulize ofisi ya mipango miji kama barabara au bomba linapita. Akaangalie bikoni na mpima, asielekezwe kwa kidole. Aongee na majirani wa pande nne, kama ilivyokuwa Unguja. Aulize mwenza wa muuzaji yuko wapi na asaini. Kama mwenye nyumba amefariki, amwone msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kaka mkubwa anayeongea sana. Na mkataba uwe wa maandishi, kwa sababu Sheria ya Ardhi haiutambui mkataba wa mdomo wa kuuza ardhi.

Kazi yote hiyo haihitaji mwaka mzima. Kama hati ipo, sehemu kubwa inafanyika ndani ya wiki chache. Mambo ya kodi za mauzo na kubadilisha jina ndiyo huvuta muda, na hayo yanaweza kuendelea huku sehemu ya malipo ikiwa imezuiwa kwa makubaliano.

Arbuni, dawa ya zamani

Hapa ndipo pwani ilikuwa na akili kuliko wengi wanavyoikumbuka. Swali la "nikisubiri ataichukua mwingine" lilikuwa na jibu, nalo liliitwa arbuni. Mnunuzi anatoa kiasi kidogo kuonyesha nia. Muuzaji anafunga mlango kwa wengine kwa muda uliokubaliwa. Mnunuzi akiridhika, arbuni inaingia kwenye bei.

Akighairi, nani anaichukua? Wanazuoni wa Kiislamu walibishana sana. Madhehebu ya Hanbali yaliruhusu muuzaji abaki nayo. Wengi wa madhehebu mengine walikataa, wakisema huko ni kula mali ya mtu bila kumpa kitu. Ubishi huo una maana hata kwa asiye Mwislamu, kwa sababu unakufundisha kuandika mapema: hela hii inarudi ikitokea nini, na hairudi ikitokea nini. Wengi leo hutoa "kishika uchumba" cha milioni kadhaa kwa M-Pesa, bila hata mstari mmoja wa maandishi, halafu wanashangaa muuzaji akizima simu.

Arbuni iliyoandikwa inampa mwenye haraka kasi yake, kwa maana nyumba inashikwa leo. Inampa mwenye tahadhari muda wake, kwa maana hela kubwa haitoki mpaka hati ipekuliwe.

Jumatatu ilipofika

Wale wanandoa walifikia hapo baada ya chai ya pili. Mume akampigia dalali: wako tayari kutoa milioni 3 usiku uleule, mbele ya wakili, kwa maandishi, wapewe siku 14 za kukagua, na hela irudi kama hati ina tatizo. Dalali akasema atauliza. Alirudi baada ya nusu saa. Muuzaji hataki maneno mengi, anataka hela yote.

Walikataa.

Jumatatu nyumba ikauzwa. Safari hii mteja mwingine alikuwepo kweli. Aliilipia yote, akahamia mwisho wa mwezi. Miezi ikapita na hakuna aliyekuja na X, hakuna mke aliyejitokeza, hakuna zuio. Ilikuwa nyumba safi. Mume alipita pale siku moja na bodaboda, akaona maua yamepandwa getini. Aliporudi nyumbani hakuongea mpaka wakati wa kula.

"Tungekuwa pale," akasema.

"Tungekuwa pale," mke akajibu. "Na tusingejua kama tuna bahati au tuna akili."

Nyumba waliyokuja kununua iko mbali zaidi, Chanika, vyumba viwili na kimoja hakijapauliwa. Usafiri ni mateso. Ilichukua wiki tano kutoka arbuni hadi kusaini, na mke wa muuzaji alifika mwenyewe ofisini kwa wakili kuweka sahihi yake. Hiyo ndiyo bei ya tahadhari, na haina haja ya kufichwa: daladala mbili asubuhi, daladala mbili jioni, na ile nyumba ya Kinyerezi kichwani.

Shangazi alikuja siku ya kuhamia, akapewa kiti cha kwanza kilichoshushwa kwenye gari. Aliomba aione hati. Akaisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari, akatafuta jina la mtoto wa kaka yake mpaka akalipata. Kisha akauliza sukari iko wapi, achemshe chai.